Upepo wa Kusi ni Mmoja: Barua ya Wazi kutoka Tanga kuhusu Umeme wa Upepo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO,
Mkurugenzi Mkuu wa EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji).

YAH: UMEME WA UPEPO UHESABIWE KWA WIKI ZA SHWARI, SI KWA WASTANI WA MWAKA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Tanga mjini, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kuwaeleza vijana wa sekondari kwa nini upepo wa mwambao huu hubadilika kwa majira na ni kitu gani kinachousukuma. Nawaandikia kwa sababu mjadala wa umeme wa upepo nchini umefika mahali ambapo somo hilo la darasani lina uzito wa fedha za umma, nami sioni likipewa nafasi inayolistahili.

Naomba ieleweke mapema kwamba siupingi umeme wa upepo. Mpaka leo mchango wake kwetu ni mdogo sana: mitambo mitatu ya Mwenga huko Mufindi, yenye jumla ya megawati 2.4, ilianza kazi mwaka 2020, ilhali miradi mikubwa ya Singida na Makambako imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi bila kusimama. Kuchelewa huku, ambako wengi hukulaumu, kuna faida moja, nayo ni kwamba bado tunaweza kupanga vizuri kabla ya kumwaga zege.

Hoja inayonisumbua husikika kila panapozungumzwa upepo, katika makongamano na hata redioni. Husemwa kwamba nchi yetu ni kubwa, hivyo upepo ukikosekana Tanga utakuwapo Singida, ukikosekana Singida utakuwapo Makambako, na mitambo ikitawanywa vya kutosha umeme wake kwa ujumla hautayumba. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa saa, si wa wiki. Wingu la radi likipita Singida na kuuvuruga upepo kwa nusu saa, Makambako haitakuwa na habari. Ila kinachoamua kama taifa litaingia kwenye mgawo si nusu saa hiyo. Ni siku kumi au ishirini mfululizo ambazo hewa ya eneo zima imelegea, na katika siku hizo umbali kati ya mtambo na mtambo hauokoi kitu kikubwa, kwa kuwa yote inategemea msukumo mmoja.

Msukumo huo tunaujua. Kusi, inayotuvumia takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, huzaliwa kwenye eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililo kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska. Upepo huo hupiga Mtwara, ukapita Kilwa na Mafia, ukatufikia sisi, ukaendelea Mombasa na Lamu. Mkono wake mwingine huingia bara na kuzipanda nyanda za Makambako na Singida, ambako hupata nguvu zaidi katika miezi ya kiangazi. John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa, alieleza mwaka 1969 jinsi mkondo wa upepo wenye kasi kubwa unavyovuka ikweta kwa kufuata ukingo wa mashariki wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi, kisha ukageuka kuelekea Bara Hindi. Ndio unaokwenda kuwa upepo wa msimu (monsuni) wa kusini magharibi kule India, nchi ambayo mitambo yake ya upepo huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake katika miezi ya Juni hadi Septemba, kisha ikasinzia. Mnyororo ni mmoja kutoka Mascarene hadi Tamil Nadu, kusini mwa India. Mgandamizo ule wa kusini ukidhoofika kwa wiki mbili, udhoofu wake hausimami kwenye mpaka wa mkoa.

Mkulima wa Korogwe mwenye mashamba matatu katika bonde moja la Mkomazi anaijua hesabu hii pasipo kufundishwa: mvua isiponyesha bondeni, wingi wa mashamba haumwongezei hata debe moja la mahindi. Angekuwa na moja bondeni, jingine Lushoto na jingine Handeni, tungezungumza lugha nyingine.

Kinacholifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana ni kanuni ya fizikia. Nguvu inayobebwa na upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikipungua nusu, nguvu inayobaki si nusu, ni sehemu moja ya nane. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa kwenye mwambao wa kaskazini, wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga huvuta vyombo vyao na kungoja, na mwenye mtambo wa upepo angeshangilia, kwa kuwa kasi hiyo ni takriban mita 11 kwa sekunde, karibu na ile inayoufanya mtambo utoe umeme wake wote. Upepo huo ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, ambao kwa mtu aliyeketi Raskazone bado ni upepo mwanana wa kutosha kupeperusha nguo kwenye kamba, mtambo hubaki na kiasi cha sehemu ya nane tu ya nguvu ile. Ukishuka chini ya mita tatu au nne kwa sekunde, mtambo hausogei kabisa. Kwa hiyo kulegea kidogo kwa kusi juu ya eneo kubwa huwa kulegea kukubwa kwa umeme, na wastani wa kasi ya mwaka, ambao ndio huandikwa kwa herufi nene kwenye vijitabu vya wawekezaji, hauonyeshi lolote kati ya haya.

Naomba sasa mtazame kalenda. Kati ya kaskazi na kusi kuna vipindi viwili vya mpito, ambavyo wazee wa baharini huviita maleleji au tanga mbili, ambapo ukanda wa mvua unapita juu yetu na upepo hauna mwelekeo wa kudumu. Kipindi cha kwanza, cha Machi hadi Mei, hakinitii hofu, kwa kuwa upepo ukilegea mvua za masika huwa zinajaza mabwawa. Maji na upepo hupokezana zamu bila kuombwa. Tena katika majira hayo tatizo letu linaweza kuwa wingi. Mwezi Machi 2024 baadhi ya mitambo ya maji ilizimwa kwa sababu umeme uliokuwapo ulizidi mahitaji.

Kipindi cha pili ndicho ninachotaka kisomwe kwa makini. Mwishoni mwa Oktoba na katika Novemba kusi imekwisha kulegea huku mwambao, kaskazi haijashika, mabwawa yametoka kwenye kiangazi kirefu, na kila kitu kinangojea vuli. Vuli ikija, salama. Isipokuja, tuna maji machache na upepo dhaifu kwa wakati mmoja, na joto la Tanga na Dar es Salaam linapanda, na feni na viyoyozi pamoja nalo. Hili si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2022 vuli ilisuasua, katika mfululizo wa miaka ya La Niña (kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki) iliyoikausha Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2020, na ilipofika Oktoba na Novemba mgawo wa umeme ulitangazwa kwa sababu ya upungufu wa maji. Waheshimiwa, swali la kumuuliza kila mtaalamu anayewaletea mradi wa upepo ni hili: mitambo yako ingetoa megawati ngapi saa mbili usiku, katika wiki mbaya kuliko zote za Novemba 2022? Si wastani wa mwaka ule, wala si siku nzuri ya Agosti.

Nimetaja saa mbili usiku kwa makusudi. Mahitaji ya gridi yetu hufika juu kabisa kati ya saa 1 jioni na saa 4 usiku, watu wanaporudi nyumbani. Mwambaoni kuna upepo mwingine unaochangamana na ule wa msimu, nao ni ule unaotoka baharini kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Huanza kabla ya adhuhuri, hushamiri alasiri, na hulala jua linapozama. Kila mji wa pwani, kutoka Mtwara hadi Lamu, huupata kwa saa zilezile kwa sababu jua ni lilelile. Mitambo ya mwambao, iwe ya Tanga, ya Bagamoyo au ya Lindi, itaelekea kushuka pamoja wakati ambapo taa zinawashwa pamoja.

Nchi zilizotutangulia zimelipia somo hili kwa gharama. Ujerumani ina mitambo ya upepo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 70,000, iliyotapakaa kutoka Bahari ya Kaskazini hadi milima ya kusini. Desemba 2024 mgandamizo mkubwa wa hewa uliketi juu ya Ulaya ya kati, upepo ukafa, mawingu yakafunika jua, na tarehe 12 ya mwezi huo bei ya umeme kwenye soko la jumla ilifika yuro 936 kwa kila megawati-saa katika mojawapo ya saa za jioni. Mgandamizo wa aina hiyo unaweza kuwa na upana wa zaidi ya kilomita elfu moja. Haukuifunika Ujerumani pekee. Majirani wa kaskazini, Norway na Sweden, wenye mabwawa mengi, waliona bei zao wenyewe zikipandishwa na umeme uliovutwa kusini kwa njia za kuvuka mipaka, na wanasiasa wao walisema hadharani kwamba hawakufurahishwa. Norway ilifika mahali pa kujadili kama iendelee na baadhi ya nyaya zake za kwenda Denmark.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo la majirani, kwa sababu nasi tumejiunganisha. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Isinya nchini Kenya hadi Singida iliwashwa Desemba 2024, na kupitia Kenya tunafikika na umeme wa Ethiopia, unaoshuka hadi Suswa kwa njia yenye uwezo wa megawati 2,000. Ni hatua nzuri. Lakini ukame wa La Niña hauikaushi Tanzania peke yake, na upepo wa msimu haulegei Tanzania peke yake. Siku tutakayokuwa na shida, kuna uwezekano mkubwa Kenya nayo itakuwa imenyoosha mkono kwa muuzaji yuleyule. Waya hausaidii ikiwa ncha zake zote mbili zina upungufu. Mkataba wa kuuziana umeme kati ya nchi unapaswa kusema bayana nani anapata kipaumbele katika wiki hiyo na kwa bei gani, na haki hiyo inunuliwe mapema, wakati kila mtu ana umeme wa kutosha na mazungumzo ni ya kirafiki.

Watafiti waliochunguza upepo wa Ulaya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017 walionyesha njia ambayo naiona inatufaa. Waliigawa hali ya hewa ya bara lile katika mifumo saba, wakaona kwamba mitambo mingi imejazwa kuzunguka Bahari ya Kaskazini, ambako upepo hupungua kwa pamoja, ilhali katika siku zilezile pembe za bara kama vile nchi za Balkani huwa na upepo. Kwao kutawanya kwenye maana ni kule kunakofuata mfumo wa hewa, wala si kule kunakofuata kilomita. Mtambo ulio jirani lakini unaendeshwa na mfumo tofauti una thamani kuliko ulio mbali unaoendeshwa na mfumo uleule.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa mfumo tofauti upo, nao ni Turkana, kaskazini mwa Kenya. Upepo wa kule hubanwa kati ya nyanda za Ethiopia na za Kenya, ukapita kama kwenye mlango kwa mwaka mzima, na hupata nguvu zaidi usiku na alfajiri. Mitambo 365 iliyowekwa pale ina uwezo wa megawati 310. Hata hivyo Turkana ina mafunzo mawili machungu. Mitambo ilikamilika mwaka 2017 lakini njia ya kusafirisha umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ikachelewa hadi Septemba 2018, na gharama ya kuchelewa ikamwangukia mlipa bili. Pili, umeme unaokuja kwa wingi alfajiri, watu wakiwa wamelala, hulazimisha vyanzo vingine kupunguzwa. Kenya imewahi kuachia mvuke wa jotoardhi upotee angani huku mashine zikiwa nzima.

Sisi tuna kitu ambacho Ujerumani haina, yaani maji yaliyohifadhiwa kwa wingi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 na jumla ya megawati 2,115, linaweza kuwa ghala la upepo pasipo kununua betri: upepo ukivuma mashine za Rufiji zinapunguzwa na maji yanabaki bwawani, upepo ukilala zinaongezwa. Mitambo ya Bonde la Pangani tunayoijua sisi wa Tanga haiwezi kufanya kazi hiyo kwa kiwango hicho. Hale, ya mwaka 1964, ina megawati 21 na umri wake unaonekana. Maporomoko Mapya ya Pangani yana megawati 68 lakini hifadhi yake ni ndogo. Na maji ya Nyumba ya Mungu yana wenyewe wengine, wakulima na wavuvi, ambao hawawezi kuambiwa wangojee upepo upungue. Uzito wote utakuwa juu ya Rufiji. Kwa hiyo kila megawati ya upepo itakayosainiwa iende pamoja na kanuni iliyoandikwa ya kina cha maji kinachopaswa kubaki bwawani ifikapo mwisho wa Septemba, na kanuni hiyo iheshimiwe hata kama Agosti kuna kishawishi cha kuuza umeme mwingi nje.

Jua nalo lina nafasi yake, na hapa naona mpango wetu una busara kuliko unavyosifiwa. Vuli inapokosekana anga huwa jeupe, hivyo mitambo kama ile ya Kishapu huzalisha vizuri mchana katika wiki zilezile ambazo upepo na mvua vimetuacha, na maji machache yaliyopo hubaki kwa ajili ya usiku. Ningependa kuona jua likipangwa kwa sababu hiyo hasa.

Ninachowaomba kinatekelezeka. Wizara, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Hali ya Hewa, isimike milingoti ya kupimia upepo kwenye kimo cha mita 80 au zaidi, Tanga, Singida, Makambako na sehemu nyingine zinazofikiriwa, ipime kwa miaka ileile na saa zilezile, na takwimu za kila saa ziwekwe wazi. Vipimo vya mita 10 vya viwanja vya ndege vinafaa kwa rubani, havitoshi kwa mkataba wa miaka 20. Vipimo vya mwekezaji mmoja kwa eneo lake moja havituambii kama maeneo matatu hulala pamoja, na hilo ndilo tunalohitaji kulijua. Ikionekana kwamba Tanga hufuata Makambako siku kwa siku, mimi mwenyewe mkazi wa Tanga nitakubali mradi upelekwe kwingine.

TANESCO, katika mapitio yajayo ya Mpango Kabambe wa umeme wa nchi, iache kuuweka upepo kwenye safu moja na mitambo ya gesi ya Kinyerezi kana kwamba megawati 100 za huku ni sawa na megawati 100 za kule. Safu ya kwanza iseme uwezo uliosimikwa. Ya pili iseme kiasi kinachotegemewa usiku katika wiki kumi mbaya kuliko zote za miaka ishirini iliyopita, na ujenzi wa vyanzo vingine upangwe kwa safu hiyo ya pili.

EWURA nayo ichunguze kwa makini kifungu kinachomtaka mnunuzi alipie umeme hata asipouchukua. Katika nchi iliyowahi kuzima mitambo ya maji kwa sababu ya wingi, kifungu hicho kinaweza kutulipisha upepo wa Machi huku maji yakimwagwa, kisha kisitupe chochote Novemba. Bei ya umeme wa upepo itofautishwe kwa majira na kwa saa, ili mwenye mtambo anayeweza kuuza usiku wa Novemba apate zaidi, na kila mradi ulazimishwe kutoa utabiri wa uzalishaji wa siku inayofuata kwa waendeshaji wa gridi, na kulipa faini utabiri unapokosewa mno.

Mkataba wa kwanza mkubwa wa upepo ndio utakaoigwa na mingine yote, kwa hiyo naomba takwimu za saa kwa saa zitangulie saini. Nipo tayari kufika Dodoma au ofisi yenu yoyote ya Tanga kwa maelezo zaidi, nikiwa na ramani zangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.